Rangi, Vanishi na Chokaa kwa Nyumba za Mwambao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila msimu kutoka kwa watu wanaojenga au kukarabati Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Majibu mengi yanahusu nyumba ya tofali za saruji yenye bati juu na grili madirishani. Nyumba za mawe na chokaa zina swali lao. Aliye Iringa au Arusha anaweza kuyatumia pia, ila habari za chumvi ya bahari hazimhusu sana.

Nimemaliza plasta wiki iliyopita na fundi rangi yuko tayari. Tuanze?

Msianze. Plasta mbichi ina maji mengi, na saruji changa ina alkali kali, pH 12 hadi 13. Ukiipaka rangi ya mafuta, ile alkali inayashambulia mafuta yaliyomo kwenye rangi na kuyageuza sabuni, sabuni ya kweli kabisa. Baada ya muda rangi inakuwa laini, inanata, na ukiikwangua kwa kucha inatoka. Rangi ya maji inavumilia zaidi, lakini nayo inapauka kwa mabaka na kusukumwa na chumvi zinazotoka ndani ya ukuta.

Muda wa kawaida ni wiki nne tangu plasta ipigwe, zikiwemo siku za mwanzo za kuimwagilia. Hizo ni wiki nne za jua. Ukipiga plasta mwezi wa nne katikati ya masika, hesabu hiyo haikusaidii kitu, kwa hiyo pima. Chukua kipande cha nailoni nyeupe inayoonyesha, ukubwa wa ukurasa wa daftari, ukigandishe ukutani kwa tepu pande zote nne, ukiache mpaka kesho yake saa kama hizo. Ukikuta matone kwa ndani, au ukuta chini ya nailoni umekolea kuliko pembeni, bado una maji.

Kama mwenye nyumba unayopanga anakudai uondoke na lazima uhamie, piga praima (rangi ya kwanza ya kushikia) inayostahimili alkali, kisha mkono mmoja, yaani safu moja, wa rangi ya maji isiyong'aa. Rangi isiyong'aa huruhusu unyevu kutoka. Rangi yenyewe utamalizia baadaye ukiwa ndani.

Ukuta unatoa unga mweupe, na rangi inabanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Fundi anasema nipige rangi ya mafuta izuie maji. Yuko sahihi?

Hapana, na ushauri huu umewatia watu hasara nyingi. Huo unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanabeba chumvi, yakifika juu ya ukuta yanakauka na kuiacha pale. Chumvi inakua chini ya rangi, inaisukuma, rangi inavimba malengelenge na kupukutika. Ukiziba uso wa ukuta kwa rangi ya mafuta, maji hayakomi kupanda. Yanatafuta njia juu zaidi, na mwakani tatizo litakuwa usawa wa kiuno.

Tafuta maji yanatoka wapi kabla hujanunua hata brashi. Doa lenye urefu karibu sawa kuzunguka nyumba nzima mara nyingi linamaanisha nailoni ya DPC (kizuizi cha unyevu wa ardhini) haikuwekwa juu ya msingi, au imetoboka. Kama ni ukuta mmoja tu, angalia upande wa pili: kuna bafu? Kuna bomba limepita ndani? Kuna bustani inayomwagiliwa kila jioni? Jambo jingine la kawaida sana mjini ni paving. Nyumba ilijengwa vizuri, kisha mwenyewe akajaza kifusi uani na kupanga paving mpaka zikapita usawa wa DPC. Maji ya mvua sasa yanaegemea ukuta juu ya kizuizi, na kizuizi kimebaki chini hakina kazi. Hapo dawa ni kushusha udongo na kutengeneza mfereji, wala si rangi.

Kuna pia nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa baharini. Hizo zina chumvi ndani ya tofali na plasta zenyewe, na chumvi hunyonya unyevu hewani hata kiangazi. Ukuta utaonekana mbichi siku za mvuke, halafu utakauka wenyewe. Hapa hakuna njia ya mkato: bomoa plasta iliyoathirika, pita kama nusu mita juu ya mwisho wa doa, piga plasta mpya kwa mchanga wa mto au uliooshwa, ukichanganya dawa ya kuzuia maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti.

Unga wenyewe usiuoshe kwa maji kwanza, maana utayeyuka na kurudi ndani. Ufagie ukiwa mkavu kwa brashi ngumu, uuzoe, uutupe mbali na ukuta. Rudia kila unapotokea. Ukiona wiki kadhaa zimepita hautokei, ndipo umwite fundi.

Skimu ya jasi (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) niliyopiga ndani imependeza. Naweza kuipiga na nje?

Usipige. Jasi huyeyuka kidogo kidogo ikikaa na maji, na mvua ya vuli moja au mbili inatosha kuifanya ilegee na kuondoka pamoja na rangi yake. Nje tumia puti ya saruji nyeupe iliyoandikwa kuwa ni ya nje. Fundi akikuambia anachanganya saruji nyeupe, poda ya jasi na gundi ya mbao "inakuwa ngumu kama zege", mwambie hiyo akaipige sebuleni. Hata ndani, usiipeleke kwenye ukuta wa bafu unaopigwa na maji.

Ukishasugua skimu kwa msasa, pangusa vumbi lote. Pitisha kiganja ukutani: kikirudi cheupe, rangi itashika vumbi badala ya ukuta.

Chumba kimoja kinataka rangi kiasi gani?

Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Ukuta wa plasta ya kukwaruza unakula zaidi.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.8. Mzunguko ni mita 15, zidisha kwa 2.8 unapata mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, karibu 4, zinabaki 38. Mikono miwili ni 76. Gawanya kwa 10, unapata lita 7.6, yaani galoni mbili za lita 4. Fundi akikuandikia ndoo ya lita 20 kwa chumba hiki, muulize nyingine inakwenda wapi. Akikuandikia galoni moja, muulize pia, kwa sababu anapanga kuijaza maji.

Kama kazi inataka ndoo zaidi ya moja za rangi ya kuchanganywa dukani, zinunue siku moja, kisha zichanganye kwenye chombo kikubwa kabla ya kuanza. Ndoo mbili zenye namba ileile zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo utaiona katikati ya ukuta wa sebule kila taa ikiwashwa.

Maji kiasi gani ni halali kuongeza?

Soma kopo. Rangi nyingi za maji zinaruhusu kati ya asilimia 5 na 15, na mkono wa kwanza kwenye ukuta mpya unaweza kupata zaidi kidogo ili uzame. Ndoo ya lita 20 haipaswi kupata lita 10 za maji, hata kama "inateleza vizuri kwenye rola". Gundi iliyomo kwenye rangi imepimwa kwa ujazo wake. Ukiitawanya, rangi inakauka na kuwa chokaachokaa, ukipitisha mkono inakupaka nguo. Rangi ya mafuta huongezwa thina au tapentaini tu. Wengine hutia petroli kwa sababu ni rahisi kuipata; usikubali. Mvuke wake unaweza kuwaka kutoka jiko la mkaa lililo chumba cha pili.

Ya kung'aa au isiyong'aa?

Isiyong'aa inaficha mawimbi ya ukuta, inafaa dari na vyumba vya kulala. Yenye mng'ao wa wastani inafutika, iweke korido, sebule yenye watoto na jikoni. Ya mafuta ing'aayo iache kwa milango, fremu na vyuma. Desturi ya kupaka rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta, kama ilivyo kwenye shule na zahanati, inafaa tu pale ambapo ukuta ni mkavu kabisa.

Nje tupake mwezi gani?

Dar es Salaam na Tanga, Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri: masika imeisha, jua si kali, upepo wa kusi unakausha. Januari na Februari pia inawezekana, lakini hapo adui ni joto. Ukuta unaochoma mkono hukausha rangi kabla haijashika, na alama za brashi zinabaki. Fuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, mchana upande wa mashariki. Usianze alfajiri ukuta ukiwa na umande, na jioni acha mapema ili rangi ikauke kabla umande haujarudi.

Rangi kali za nje, hasa nyekundu inayowaka na bluu iliyoiva, hupauka haraka kwa jua letu. Rangi za udongo (kahawia, njano ya kiudongo, nyekundu ya tofali) mara nyingi hupatikana kwa oksaidi ya chuma, nazo hudumu.

Grili na geti vinaota kutu kila mwaka ingawa tunapaka. Tunakosea wapi?

Mara nyingi kosa lilianza kwa mchomeleaji. Grili inatoka karakana ikiwa imepuliziwa redi oksaidi (praima nyekundu ya chuma) nyepesi juu ya vumbi, mafuta na kutu ya siku zile ilipokuwa imeegemezwa nje. Hiyo ni rangi ya kuuzia. Halafu inakaa miezi sita hivyohivyo ukisubiri hela ya rangi ya juu, na redi oksaidi peke yake haizuii maji. Ikikaa bila kufunikwa, inapitisha unyevu na kutu inaanza chini yake bila wewe kuiona.

Ukitaka kuvunja mzunguko huo, fanya kwa mpangilio. Osha chuma kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni kidogo, hasa kama nyumba iko karibu na bahari. Chumvi ikibaki chini ya rangi itavuta maji na kuleta malengelenge, hata uwe umesugua namna gani. Kikikauka, piga brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka kutu iliyolegea iishe yote. Gonga kwa nyundo mabaki magumu yaliyo juu ya viungo vya kuchomelea, maana rangi ikishika pale itadondoka nayo. Pangusa kwa kitambaa chenye thina. Praima ipigwe siku hiyohiyo. Ukilala, hewa ya pwani itakuwekea kutu nyepesi kabla ya asubuhi.

Rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye kingo kali na kubaki nyembamba pale, ndiyo maana kutu huanzia kwenye kona za nondo za mraba, si kwenye bapa. Chukua brashi ndogo, pita kingo zote na viungo vyote kwanza, acha zikauke, ndipo upige grili nzima. Mikono miwili ya praima na miwili ya rangi ya juu inatosha. Kwa geti, inama uangalie chini: mabomba ya fremu huwa yanajaa maji ya mvua na kuoza kutoka ndani. Toboa tundu dogo upande wa chini yatoke.

Bati jipya la kung'aa linapakwa rangi moja kwa moja?

Bati lenye zinki halikubali rangi ya kawaida ya mafuta. Zinki na mafuta hayo hutengeneza utando kama ule wa sabuni, na rangi inabanduka kwa vipande vikubwa. Liache lipigwe na mvua na jua mpaka lipoteze mng'ao, lioshe, kisha tumia praima iliyoandikwa kuwa ni ya bati la zinki. Bati la zamani lenye kutu linafuata utaratibu wa grili. Panda asubuhi, na kanyaga penye misumari, juu ya mbao.

Mlango wangu wa mbele ni mninga, unapigwa na jua la mchana na upepo wa bahari. Vanishi inapasuka kila mwaka. Nifanyeje?

Vanishi ya ndani haifai nje hata ukipiga mikono kumi. Jua linapita kwenye vanishi isiyo na rangi, linaunguza mbao chini yake, na vanishi inapoteza kitu cha kushikia. Nje inatakiwa iliyoandikwa kuwa ni ya baharini au ya nje, yenye kinga ya miale ya jua, mikono mitatu au minne, ukisugua kwa msasa namba 240 katikati. Mkono wa kwanza ongeza thina kidogo uzame. Kopo likoroge taratibu kwa kijiti, usilitikise, maana mapovu yatakauka mlangoni.

Kwa mlango unaotazama bahari mimi ningechagua rangi ya mbao ya kupenya, au mafuta ya mbao, badala ya vanishi. Haipasuki kwa sababu haitengenezi ngozi juu. Inafifia tu, na kila mwaka unaiosha, unaikausha, unapaka tena bila kukwangua. Haing'ai kama kioo, na kwa wengine hilo ni kasoro. Mafundi wa majahazi walilijua hili zamani: mbao za chombo zilipakwa sifa, mafuta ya papa, na kazi hiyo ilirudiwa kila chombo kilipopandishwa pwani. Kwa mlango wa sebule sifa siipendekezi, harufu yake wageni watakuambia.

Mtiki una mafuta yake ya asili, ufute kwa thina na upake mara tu thina inapokauka. Mbao mbichi usizipake kitu mpaka zikauke.

Kisha chukua kioo kidogo, kipitishe chini ya mlango uangalie ukingo wa chini. Kwenye nyumba nyingi utaona mbao tupu. Huko ndiko maji ya kudeki yanakoingia, na ndiko kuvimba na kupasuka kunakoanzia. Shusha mlango, paka juu, chini na matundu ya kitasa.

Nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, ya mawe na chokaa. Kuna ubaya gani tukiipiga saruji na rangi ya plastiki?

Ubaya ni mkubwa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua: unyevu unaingia, unatoka. Plasta ya saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu vizuri, na rangi ya plastiki inamalizia kuuziba. Maji yanabaki ndani, chokaa ya kati inalegea, boriti zilizolala ukutani zinaoza vichwani, na siku moja plasta inaanguka pande kubwa pamoja na jiwe. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Kwa hiyo kabla ya kugusa uso wa nje, nenda kaulize mamlaka ya hifadhi.

Kinachofaa ni plasta ya chokaa na chokaa ya kupaka. Chukua chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa muda mrefu, ichuje, izimue kwa maji mpaka iwe na uzito wa maziwa. Rowesha ukuta kwanza, kisha paka nyembamba kabisa, mikono mitatu hadi mitano, mmoja kwa siku. Ikiwa mbichi haionekani kufunika kitu; inakuwa nyeupe inapokauka, na inaendelea kuwa ngumu kwa kunyonya hewa ya ukaa. Ukitaka rangi, tia oksaidi ya unga. Usipake nene kwa kukosa subira, itapasuka na kuwa unga. Vaa miwani na glavu. Chokaa hai inapozimwa huchemka na kuruka, na tone moja likiingia jichoni ni safari ya hospitali.

Bafu lina madoa meusi ya ukungu. Nikipaka juu yanarudi.

Yatarudi kwa sababu umeyafunika yakiwa hai. Changanya sehemu moja ya jiki na tatu za maji, paka, subiri kama dakika 20, sugua, suuza, acha pakauke kabisa. Fungua dirisha na vaa glavu. Jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na kitu chenye amonia, mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Kisha ongeza njia ya hewa. Bafu lisilo na dirisha wala feni hakuna rangi itakayolisaidia.

Doa la kahawia darini linatokeza kwenye rangi mpya.

Ziba bati linapovuja kwanza. Doa likikauka, lifunike kwa praima ya mafuta ya kuzuia madoa, kisha rangi ya maji. Ukipaka ya maji peke yake, maji yake yanaliyeyusha doa na kulipandisha tena.

Nasikia rangi zina madini ya risasi. Ni kweli?

Baadhi ya rangi za mafuta zilikuwa nayo na nyingine bado zinayo, hasa za njano, nyekundu na kijani zilizokolea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu ubongo wao bado unakua na kila kitu wanatia mdomoni. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 katika milioni. Nunua kopo lililoandikwa kuwa halina risasi, lenye alama ya ubora ya TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya).

Hatari kubwa iko kwenye rangi ya zamani. Ukiisugua kavu, vumbi lake linatua kwenye sakafu ambako mtoto anatambaa. Isugue ikiwa imeloweshwa, usiichome kwa moto, tandika nailoni chini, na watoto na wajawazito wakae kwingine mpaka uwe umedeki, si kufagia.

Kazi imeisha. Rangi iliyobaki na matambara tufanyie nini?

Anza na matambara. Yaliyolowa mafuta ya kitani, yanayopatikana kwenye baadhi ya mafuta ya mbao, huweza kuwaka yenyewe yakirundikwa, kwa sababu mafuta yanapokauka hutoa joto. Yatandaze nje moja moja mpaka yawe makavu na magumu, au yaloweke kwenye ndoo ya maji. Thina iliyotumika usiimwage mtaroni. Iache itulie kwenye chupa, rangi itazama, na ya juu utaoshea brashi tena.

Rangi ihamishie kwenye chombo kidogo ili hewa ndani iwe kidogo, funga vizuri, iweke kivulini mbali na watoto. Juu ya mfuniko andika jina la chumba, namba ya rangi na tarehe.